“Ni utani tu”: ubaguzi unaoingia kwenye gemu bila tusi

Mpwa wangu ana miaka 16. Usiku akimaliza kazi za shule hukaa sakafuni karibu na soketi, maana betri ya simu yake haikai na chaji, akaingia kwenye gemu ya kupigana inayochezwa kwa vikosi vya watu wanne. Kwa kawaida huvaa hedfoni. Siku ninayoisema zilikuwa zimekatika waya, kwa hiyo sauti zote zilitoka kwenye spika ya simu, nami nilikuwa pembeni nachagua mchele. Wawili kati ya wenzake ni vijana wa mtaa wetu hapa Tanga. Wa nne walipangiwa na gemu yenyewe, hawakumjua. Mechi ikaanza, yule mgeni akafungua maiki akasema: “Niko nakuya, muningoye.”

Ni Kiswahili cha Kivu, mashariki mwa Kongo. Aliyewahi kukaa na watu wa Goma au Bukavu anakitambua kabla sentensi haijaisha. Wale vijana wawili wakaangua kicheko. “Nakuya! Eti nakuya!” Kila aliyefyatua risasi aliisindikiza na nakuya, mmoja akauliza kama kwao wanakula nyani, na mpwa wangu akacheka nao. Mgeni hakujibu. Kialama cha maiki pembeni ya jina lake kikapigwa mstari, na dakika zote zilizobaki alicheza kimya. Alikuwa mchezaji bora kuliko wote wanne.

Nilipomwita, mpwa wangu alinitazama kwa mshangao wa kweli. “Shangazi, ni utani tu.”

Sentensi hiyo utaisikia kwa kila lugha palipo na gemu za mtandaoni, na ndiyo inayofanya jambo hili liwe gumu kueleweka. Watu wengi wakisikia ubaguzi kwenye gemu hufikiria tusi: neno linalojulikana, limetoka kinywani mwa mtu mbaya. Ubaguzi wa namna hiyo upo. Septemba 2017 PewDiePie, Mswidi aliyekuwa na wafuatiliaji wengi kuliko mtu yeyote kwenye YouTube wakati huo, alilitamka laivu lile neno la Kiingereza la kuwatukana watu weusi akiwa anacheza, kisha akaomba radhi. Pale hakuna fumbo. Neno lilisikika, kila mtu akajua ni nini. Lakini kinachowachosha wachezaji siku hadi siku mara nyingi hakina neno la kukamata. Ni kicheko, ni picha, ni lafudhi iliyoigizwa, ni swali lililoulizwa kwa namna fulani. Ukitaka kuripoti huna cha kuonyesha. Na kisa kinachoeleza jambo hili vizuri kuliko vyote ninavyovijua kinaanzia karibu na sisi, Kampala.

Kutoka Wakaliga hadi VRChat

Wakaliga ni mtaa wa watu wenye kipato kidogo jijini Kampala. Hapo ndipo Isaac Nabwana alipoanzisha Wakaliwood, studio ya filamu za mapigano ambayo kompyuta zake aliziunganisha mwenyewe kwa vipuri, bunduki zake ziliundwa kwa vyuma chakavu, na waigizaji wake ni majirani. Filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inatajwa kuwa iligharimu chini ya dola 200. Juu ya picha kuna sauti ya VJ Emmie, anayesimulia, anayewatania wahusika, anayeshangilia kila ngumi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa hiyo ni sanaa gani: ni jamaa ya DJ Afro kule Kenya, na ya Lufufu aliyetusimulia filamu za nje kwa Kiswahili hapa Tanzania. Ni watu wanaojicheka wenyewe kwa upendo na kwa akili nyingi, mbele ya watazamaji wanaowafahamu. Trela ikasambaa YouTube, dunia ikacheka pamoja nao. Mpaka hapo hakuna ubaya wowote.

Mashabiki wa Forsen, Mswidi mwingine anayerusha gemu laivu, walizoea kunukuu vichekesho vya Wakaliwood kila wanapomfuata kwenye gemu. Mwishoni mwa 2017 na Januari 2018 vichekesho hivyo vikaingia VRChat, ulimwengu wa mtandaoni ambamo kila mtu huvaa mwili anaoutaka na kuzungumza kwa sauti yake mwenyewe. Watu wengi wakavaa mwili mmoja: Knuckles, yule mhusika mwekundu wa gemu za Sonic, akiwa amefinywa akawa kibonge kifupi mwenye sura ya kuchekesha. Wakamwita Knuckles wa Uganda.

Jaribu kuona ilivyokuwa. Umeingia kwenye chumba kuzungumza na watu. Wanakuja kumi, wanakuja ishirini, wote sura moja. Wanakuzunguka. Wanaigiza lafudhi ambayo kwao ndiyo ya Kiafrika, wanakuuliza kama unaijua njia. Wanapiga ulimi kaakaani, tk tk tk. Ukiwa mwanamke, au umevaa tu mwili wa kike, wanakuita malkia na kukuandama. Asiyewafurahisha wanaigiza kumtemea mate. Ebola inatajwa, kicheko kinafuata.

Huo mlio wa ulimi unastahili kutazamwa kwa karibu. Kiganda hakina sauti hiyo. Ukiitafuta Afrika Mashariki utaikuta kwa Wahadzabe na Wasandawe wa Tanzania, na kwa Wadahalo wachache wa pwani ya Kenya. Kwa hiyo walioigiza hawakuwa wakimwiga Mganda yeyote aliyewahi kuishi. Waliiga picha waliyokuwa nayo kichwani, ambamo Afrika nzima ni kijiji kimoja chenye ulimi mmoja na ugonjwa mmoja.

Sasa chukua kila kipande peke yake. Njia. Malkia. Mhusika wa katuni. Filamu iliyotengenezwa na Waganda wenyewe. Kompyuta ikipewa orodha ya maneno mabaya iende ikayatafute mle ndani, itarudi mikono mitupu. Hata aliyetengeneza ule mwili wa kidijitali alisikitika hadharani kwa jinsi ulivyotumika kuwasumbua watu. Tusi lilikuwa kwenye mpangilio wa vitu hivyo: nani anasema, nani amezungukwa, na nani hayupo kabisa chumbani kujibu.

Utani wenyewe una masharti

Sisi tuliokulia Tanzania tuna kipimo ambacho wengi wanaojadili mambo haya hawana. Tuna utani, utani wenyewe, wenye watani wake. Mchagga na Mpare. Mzaramo na Mnyamwezi. Mtani anaweza kuja msibani akaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na waliofiwa wakajikuta wanacheka katikati ya kilio.

Kwa nini hawakasiriki? Kwa sababu zamu yao itafika, nao watamfanyia hivyohivyo bila yeye kununa. Kwa sababu mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kaburini, ndiye anayechota maji na kukaa jikoni na wafiwa. Na kwa sababu pale kila mmoja anamjua mwenzake kwa jina na kwa ukoo, anajua kidonda chake kiko wapi na asikiguse. Bibi yangu alikuwa akisema mtani asiyekuja kwenye shida si mtani, ni mzomeaji.

Ukiupima ule umati wa VRChat kwa masharti haya, hakuna hata moja linalotimia. Mganda hakuwepo kurudisha. Ule umati haukuwa na deni lolote kwa Wakaliga. Wala hakuna aliyejua jina la mtu yeyote. Na ukimpima yule kijana wa Kivu: alikuwa peke yake kati ya watatu, hakuwajua, na hakuwa na neno la kuwarudishia ambalo lingewafanya wacheke wote wanne. Nilimwambia mpwa wangu hivyo. Alinyamaza, akaniambia, “Lakini sikusema kitu mimi, nilicheka tu.” Ni kweli, na katika haya mambo kicheko cha wa tatu ndicho hasa kinachouziba mdomo wa wa nne.

Ile picha ya Afrika ilitoka wapi

Hakuna kijana aliyezaliwa na ile picha ya kijiji kimoja. Ilijengwa polepole, na gemu zenyewe zilishiriki kuijenga. Mwaka 2007 kampuni ya Capcom ya Japani ilionyesha trela ya Resident Evil 5: shujaa mzungu, mwanajeshi, akipita katika mji wa Kiafrika huku makundi ya watu weusi waliopagawa yakimjia, naye akiwapiga risasi. Mwandishi Mmarekani N'Gai Croal alikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema hadharani kwamba picha zile zina historia ndefu na mbaya. Wachezaji wengi walimjia juu. Gemu ilitoka Machi 2009.

Mji ule unaitwa Kijuju, mahali pa kubuni, na katika hadithi uko Afrika Magharibi. Wale waliopagawa wanaitwa Majini. Na wanapokuja na mapanga, wanapiga kelele kwa Kiswahili. Afrika Magharibi, kwa Kiswahili! Nakumbuka nilivyoshtuka nilipoisikia kwenye kibanda cha gemu, nikiwa nimezungukwa na watoto, lugha yetu ikitoka kwenye midomo ya mizuka ambayo kazi yake katika hadithi ni kuuawa. Watoto waliokuwa pale walishangilia kwa sababu walielewa maneno. Sikujua niwaambie nini.

Haikulazimika kuwa hivyo. Miaka minne kabla, mwaka 2005, gemu ya Civilization IV ilifunguka kwa wimbo wa Christopher Tin wenye maneno ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 wimbo huo ukawa wa kwanza kutoka kwenye gemu kupata tuzo ya Grammy. Lugha ni ileile. Kijana wa Ulaya anayekutana nayo mara ya kwanza kwa Majini, kisha mara ya pili kwa mashabiki wa Forsen, atakutana na sauti ya Mkongo au Mkenya kwenye maiki akiwa tayari anajua, au anadhani anajua, imetoka kwenye kiumbe wa aina gani.

Uso wa mtu uliogeuzwa alama

Mei 2016 kulikuwa na mashindano ya DreamHack mjini Austin, Marekani. Terrence Miller, mchezaji mweusi wa Hearthstone, gemu ya karata ya kompyuta, alikuwa na wiki njema kuliko zote za maisha yake ya mchezo na akamaliza wa pili. Mechi zilirushwa laivu Twitch, mtandao wa watu wanaorusha gemu zao zitazamwe, na pembeni ya picha kuna chati ambayo maelfu wanaiandikia kwa wakati mmoja, ujumbe ukipanda kwa kasi kiasi kwamba jicho haliwezi kusoma mstari mmoja hadi mwisho. Kila uso wa Miller ulipoonyeshwa, chati ilijaa. Maneno ya wazi ya kibaguzi yalikuwepo, lakini pamoja nayo kulikuwa na kitu kingine: picha ndogo ya uso wa mtu mweusi anayetabasamu, mamia kwa mamia.

Picha hiyo inaitwa TriHard. Ni uso wa Trihex, mchezaji anayejulikana kwa kumaliza gemu kwa kasi, na ilikuwa heshima kwake kupewa alama yake ndani ya Twitch. Watu wengi huituma kwa furaha tu, kama mtu anavyotuma kidole gumba. Lakini ikitumwa kila mtu mweusi anapotokea kwenye skrini, na asipokuwepo haitumwi, tayari imeshabadilika kazi. Inasema: tumeona mweusi. Trihex hakutukana mtu, sura yake ikafanywa tusi.

Ubishi ukafika mbali zaidi mwaka 2018. Félix Lengyel, anayeitwa xQc, mchezaji wa timu ya Dallas Fuel katika ligi ya gemu ya Overwatch, aliituma TriHard kwenye chati wakati mtangazaji mweusi Malik Forté yuko hewani. Ligi ikamtoza faini ya dola 4,000 na kumsimamisha mechi 4. Yeye alijitetea kwamba huituma alama ile mara kwa mara, kama salamu. Naamini inawezekana alisema kweli. Hata hivyo, mtu anayeingia kwenye chati inayojulikana kutumia alama fulani kuwaonyesha weusi kidole, akaituma mweusi akiwa kwenye skrini, amejiunga na umati hata kama moyoni alikuwa na nia nyingine. Forté hasomi mioyo. Anasoma chati.

Baada ya Austin, waandaaji walikosolewa, na Desemba 2016 Twitch ikaleta AutoMod, programu ya kuzuia ujumbe wenye maneno ya matusi kabla haujaonekana. Ilisaidia kwa maneno. Kwa uso unaotabasamu haikuwa na la kufanya.

Sauti inakutangulia

Wengi hudhani mtandaoni hakuna rangi kwa kuwa hatuonani. Kishonna Gray, mtafiti Mmarekani aliyekaa miaka akicheza na kuwahoji wachezaji weusi wa Xbox Live, huduma ya kucheza gemu mtandaoni, alionyesha kinyume chake. Maiki ikifunguliwa tu, sauti inapimwa. Kwanza huja swali: wewe ni mweusi? Halafu uchokozi wa kutaka kuona utajibuje. Ukijibu kwa hasira, moto umepata kuni. Usipojibu, wanaendelea mpaka unyamaze au uondoke. Wengi aliowahoji waliishia kuzima maiki au kujifungia kwenye vikundi vyao wenyewe, na wanawake weusi walifanya hivyo zaidi, maana wao walipigwa kwa pande mbili.

Nilipousoma utafiti huo nilimkumbuka yule wa Kivu na kialama chake chenye mstari. Kuzima maiki huonekana jambo dogo. Katika gemu ya kikosi, asiyesema hawezi kuonya kwamba adui yuko nyuma ya ukuta, hawezi kuomba risasi, hawezi kuongoza. Anapoteza mchezo, au wenzake wanapoteza mchezaji, bila ripoti yoyote kuandikwa popote.

Mwaka 2019 ADL, shirika la Marekani linalopambana na chuki, liliwahoji watu wazima wanaocheza gemu za mtandaoni nchini humo. Asilimia 74 walisema wamewahi kunyanyaswa humo kwa namna moja au nyingine. Mtu anaweza kudhani basi kuna jeshi kubwa la wabaguzi. Hapo ndipo kazi ya Riot Games, wenye League of Legends, ilipoleta jambo ambalo halikutarajiwa. Mtafiti wao Jeffrey Lin na wenzake walichambua mazungumzo ya wachezaji wakakuta wanaotukana kila siku ni karibu asilimia 1 tu. Sehemu kubwa ya matusi ilitoka kwa watu wa kawaida ambao siku hiyo mambo yao hayakwenda vizuri: umefungwa, umekasirika, unatafuta kitu cha kumrushia aliye karibu, na kitu kilicho karibu kabisa na mkono ni kabila lake, nchi yake, jinsia yake, lafudhi yake. Ukiwafungia akaunti wale asilimia 1, bado mpwa wangu na wenzake wamebaki.

Mlango uliojengwa kwa nia njema

Mei 2021 Twitch iliongeza lebo zaidi ya 350 ambazo mrushaji anaweza kujiwekea: mweusi, mwenye ulemavu na nyingine nyingi, ili watu wa jamii hizo wapatane kwa urahisi. Lilikuwa ombi la muda mrefu la warushaji wenyewe. Lakini orodha inayomsaidia rafiki kukuona inamsaidia na adui. Twitch pia ina kitu kinachoitwa reidi: ukimaliza kurusha, unawapeleka watazamaji wako wote kwa mwenzako kama zawadi. Agosti 2021 watu wakaviunganisha hivyo viwili. Walitafuta warushaji weusi na wengine waliojiwekea lebo, wakawashushia mamia ya akaunti za roboti, zote zikiandika tusi moja kwa sekunde ileile.

Mrushaji mweusi anayejulikana kwa jina la RekItRaven alipofanyiwa hivyo alianzisha hashitegi ya #TwitchDoBetter, na Septemba 1 warushaji wengi wakagoma siku nzima. Siku chache baadaye Twitch ikawafungulia kesi mahakamani Marekani watu wawili, na kabla mwezi haujaisha ikamruhusu kila mrushaji kuwadai wanaotaka kuandika kwenye chati yake wathibitishe namba ya simu kwanza. Namba ya simu ni kitu kidogo tu, lakini mtu wa kuunda akaunti mia tano anahitaji namba nyingi kuliko alizonazo.

Maneno yetu, na masikio ya mashine

Mashine za kuchuja maneno zinajua Kiingereza vizuri kuliko lugha nyingine. Tangu Agosti 2023 wenye gemu ya vita ya Call of Duty walianza kutumia programu inayosikiliza mazungumzo ya maiki na kubaini matusi, ikianza na Kiingereza. Kiswahili kina mtego wake. Aprili 2022 tume ya mshikamano wa kitaifa ya Kenya, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya uchochezi kabla ya uchaguzi. Mle ndani kuna madoadoa. Kuna kwekwe. Kuna mende.

Mfundishe mgeni Kiswahili kwa kamusi, kisha umwonyeshe orodha hiyo. Madoadoa ni ya chui. Kwekwe ni majani yanayosumbua shambani. Mkenya aliyeishi Bonde la Ufa anajua kuondoa madoadoa kulimaanisha kuwafukuza majirani wa kabila jingine kwenye ardhi, na anajua nyumba zilizochomwa baada ya neno hilo kusemwa. Na mende, kwa Kinyarwanda inyenzi, ndilo neno lililotangazwa redioni Rwanda mwaka 1994 wakati Watutsi wanauawa. Kijana anayemwita mwenzake mende kwenye mechi labda hajui hata kidogo. Anayeitwa, kama familia yake ilitoka Kigali au Bujumbura, anaweza kuwa anajua sana.

Julai 2022 mashirika ya Global Witness na Foxglove yalijaribu kuipa Facebook matangazo 20 ya kuchochea chuki Kenya, mengine kwa Kiingereza, mengine kwa Kiswahili. Ya Kiingereza yalikataliwa mwanzoni kwa sababu ya sarufi na lugha chafu, yakarekebishwa, yakapita. Ya Kiswahili yalipita bila shida.

Kinachobaki ni binadamu anayeijua lugha na mahali. Binadamu hao wapo, na wengi walikuwa Nairobi, wakichuja machapisho ya Facebook chini ya kampuni ya Sama, baadhi wakilipwa kiasi cha dola 1.50 kwa saa. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifungua kesi Mei 2022 akidai kazi hiyo iliharibu afya yake ya akili, na mwaka uliofuata wachujaji 184 wakaenda mahakamani pia. Kampuni za gemu zikija kutafuta masikio ya Kiswahili, kama ambavyo zitalazimika, hapo ndipo pa kutazama kwanza: masikio hayo yatalipwa nini, na nani atayatunza baada ya kusikia hayo siku nzima.

Kinachopunguza

Yaliyofaa hadi sasa yanafanana: yote yanaweka kizuizi kidogo kati ya hasira na kinywa. Riot walijaribu kuzima chati kati ya timu pinzani, mtu akiitaka aiwashe mwenyewe. Chati iliendelea kutumika karibu kama zamani, lakini matusi yalipungua kwa zaidi ya asilimia 30. VRChat, mwaka uleule wa Knuckles, ilileta ngazi za kuaminiana: mgeni hawezi kukutokea na mwili wowote anaoutaka wala sauti yoyote mpaka amekaa kwa muda, nawe unaamua ngazi ipi uisikie. Hakuna kati ya hayo kinachosoma moyo wa mtu. Vinampa nafasi ya kupoa, na vinampa anayeshambuliwa mlango wa kufunga bila kulazimika kujifunga mwenyewe.

Na kuna yule wa tatu, asiyecheka. Nimewauliza vijana kadhaa wanaocheza usiku nini huzima matusi kwenye kikosi. Hawakunitajia kitufe cha kuripoti. Walisema mtu mmoja akitamka “oya, cheza gemu,” kwa sauti ya kawaida, mara nyingi inatosha. Wanasema ni vigumu kuwa huyo mmoja, na nawaamini.

Jina la yule wa Kivu lilikuwa bado kwenye orodha ya waliocheza na mpwa wangu karibuni. Alimwandikia: “Bro samahani ya juzi. Leo upo?” Jibu lilikuja baada ya siku mbili, neno moja: “Nipo.” Sasa hucheza pamoja mara mbili tatu kwa wiki, bando ikiruhusu. Maiki hajaifungua. Huandika kwenye chati, maneno mafupi, kwa Kiswahili cha kitabuni ambacho si cha kwao: ninakuja, nisubirini.